Mume wa Siyu na Mume wa Kizingitini

Jumapili, 8 Oktoba 1967

Kitabu hiki nimepewa leo na Bwana Kamaludin, wakala wa kampuni inayonunua kamba mawe kwa wavuvi hapa Kizingitini. Kilikuwa sandukuni mwake tangu Januari, na robo tatu ya kurasa zimekwisha kupitwa na tarehe, ndipo mkono wake ukawa mwepesi. Nimekipokea kwa shukrani. Mwalimu hakatai karatasi.

Nitaandika msimu huu wa kamba, kuanzia leo tulipofungua mizani hadi siku ya safari, inshallah. Safari yenyewe niitaje wazi ili nisije nikajifanya sikuisema: mimi na mke wangu Rahima tumenuia kuhiji. Meli inaondoka Mombasa mwanzoni mwa Februari. Miaka mitatu sasa nafundisha Siyu Jumatatu hadi Ijumaa, na Ijumaa baada ya sala nashika njia ya miguu hadi Kizingitini kupima kamba wa watu mpaka Jumapili. Mshahara wa shule tunakula. Mshahara wa mizani hatuugusi, umo katika kitabu cha Posta, na pamoja na wa msimu huu zitafika shilingi elfu tatu mia saba na ishirini. Nauli na matumizi ya mtu mmoja ni elfu moja mia nane na hamsini. Watu wawili, elfu tatu mia saba. Zinabaki ishirini, na hizo Rahima amekwisha kuzipangia zawadi za watu thelathini.

Rahima haogopi bahari wala Jidda. Mwenye woga ni mimi, na ninachokiogopa ni fomu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mvua. Darasa la tatu linavuja juu ya wale wale wasiofanya hesabu zao. Sikuwahamisha.

Jumatano, 18 Oktoba

Ofisi ya meli imejibu. Wanataka pasipoti, cheti cha chanjo, na cheti cha ofisi ya kodi kuonyesha kwamba msafiri hadaiwi. Pasipoti na chanjo tunavyo. Cheti cha kodi nimekiombea leo, kwa barua na fomu: Madi Amini, mwalimu, Siyu, atakayesafiri pamoja na mkewe Rahima Jamaludin. Nimetia sahihi kwa moyo mweupe. Tangu mwaka jana kodi inakatwa mshaharani kabla mshahara haujanifikia, shuleni na kwenye kampuni vilevile. Nitadaiwa nini?

Rahima aliniuliza kama nimeisoma fomu ya ombi mbele na nyuma. Nikamwambia mwalimu wa miaka kumi na tisa haulizwi hivyo.

Ijumaa, 27 Oktoba

Kamba kilo mia moja na nane. Njia ya Faza imejaa matope mpaka kwenye vifundo. Nimewasili na kiatu kimoja, na cha pili nimekishika mkononi.

Alhamisi, 9 Novemba

Barua imefika shuleni kutoka ofisi ya kodi. Si cheti. Naitafsiri hapa, kwa maana nikiiacha katika Kiingereza itaonekana ya mtu mwingine.

Wanasema: Bwana Madi Amini, katika kushughulikia ombi lako tumegundua kwamba bibi huyu Rahima Jamaludin, pamoja na watoto Hadia, Husseini na Amini, wametajwa pia kuwa mke na watoto wa Bwana Madi Barka, karani wa mizani, Kizingitini, ambaye naye anapewa nafuu ya kodi kwa ajili ya kuwatunza. Tafadhali eleza kama unamfahamu mtu huyo, na ni yupi kati yenu aliye mume wa bibi huyu.

Namfahamu. Amevaa viatu vyangu.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimefika Kizingitini nikakuta barua ya pili mezani kwa Bwana Kamaludin. Hii ni ya Bwana Madi Barka. Inamuuliza kama anamfahamu mwalimu mmoja wa Siyu, Madi Amini, anayedai kuwa na mke wake. Mtu aliyeandika barua hizi mbili ametumia maneno yale yale ya heshima kwa wote wawili, asipendelee upande.

Bwana Kamaludin alikuwa ameifungua kwa bahati mbaya, kama anavyofungua barua zote. Aliniangalia muda mrefu. Akaniuliza polepole kama nyumbani kwangu ni salama.

Jumapili, 12 Novemba

Nimerudi Siyu na samaki wawili na barua mbili. Nikamsomea Rahima akiwa amekaa kwenye mkeka anashona kofia, kama ashonavyo kila alasiri, sindano ndani, sindano nje. Hakuinua macho mpaka nilipomaliza ya pili.

"Na huyo wa Kizingitini mwema?" akauliza kwa lafudhi ya nyumbani, ya kugeuza j kuwa y. "Maana wa Siyu namuyua."

"Rahima, hili si jambo la mzaha."

"Sifanyi mzaha. Nauliza tu. Mtu aolewe asiyue? Huyo wa Kizingitini mrefu au mfupi?"

"Rahima."

"Ameniletea nini yeo?"

Nikasema leo ni samaki wawili. Akasema basi huyo ndiye atakayepikiwa, na wa Siyu angoje zamu yake.

Niliudhika, halafu nikala.

Jumatatu, 13 Novemba

Watoto nimewapa imla ndefu ili nipate kufikiri.

Nieleze kwanza kwangu mwenyewe, kwa kuwa nitalazimika kuwaeleza na wao. Hapa kisiwani mtu huitwa kwa mzee wake anayejulikana pale aliposimama. Siyu wanamjua baba yangu Amini, aliyeshona ngozi miaka yake yote, basi mimi ni Madi Amini. Kizingitini baba hawakumjua. Wanamjua babu yangu mzaa mama, Barka, aliyekuwa na kisima wakanywa wote, basi tangu nikiwa mdogo nikienda huko mimi ni Madi Barka. Siku ya kwanza ya kazi Bwana Kamaludin hakuniuliza jina. Aliandika alilolijua, na mimi nikatia sahihi, maana lilikuwa jina langu. Sikuona udanganyifu, na hata sasa siuoni.

Udanganyifu, kama upo, uko mahali pengine. Leo nimeitoa sandukuni nakala ya ile fomu tuliyojaza mwaka jana, kodi ilipoanza kukatwa mshaharani. Shule ilinipa moja, kampuni ikanipa moja. Zote zikauliza kama nina mke, nikasema ninaye. Watoto wangapi? Watatu. Ni kweli tupu mara mbili. Lakini leo nimeigeuza karatasi. Nyuma kuna mstari mmoja unaosema: mwenye kazi zaidi ya moja aombe nafuu hii kwa mwajiri mmoja tu.

Kila siku ya Mungu nawaambia watoto wageuze karatasi.

Nimepiga hesabu ya kubahatisha, na jawabu halikunipendeza. Bila cheti hakuna meli. Na hata kama wangenipa meli bila cheti, mtu hendi kusimama Arafa akiwa na deni ambalo mwenyewe amekuja kulidai. Nimemwambia Rahima hivyo, bila kuficha. Safari yaweza kuvunjika.

Alikata uzi kwa meno. Akasema, "Andika ukweli wote, uwape. Ukweli hauna Siyu na Kizingitini." Kisha akaingia jikoni.

Ijumaa, 24 Novemba

Jibu. Wamepokea maelezo yangu. Ofisa wao atakuwa Amu, ambako wao huandika Lamu, wiki ya pili ya Desemba, niende na karatasi zote. Barua ni moja tu safari hii, lakini juu wameandika majina yote mawili.

Bwana Kamaludin amewaambia wapimaji. Sasa kila mvuvi anayeleta kapu ananiuliza Mwalimu wa Siyu hajambo.

Jumapili, 3 Desemba

Mwezi wa Ramadhani umeandama. Shule imefungwa. Joto.

Jumatano, 13 Desemba, Amu

Tuko kwa Mwanamkisi, dada yake Rahima, tangu juzi. Rahima alitaka kuja nami. Alisema ana haja zake na dada yake, na nilimwona akiingia na furushi, sikumuuliza. Haja za madada wawili hazina mlango wa mwanamume.

Ofisa anaitwa Hudson Wanyama. Nilikuwa nimemchora kichwani njia nzima: mnene, na mwenye sauti. Nimemkuta kijana wa bara mwembamba, kalamu tatu mfukoni, ameazimwa chumba kidogo kwenye ofisi za serikali na meza yenye mguu mfupi aliouwekea daftari. Midomo ilikuwa imemkauka. Baadaye nilifahamu kwamba hajala kitu tangu asubuhi, si kwa kufunga, ila kwa haya. Anasema hawezi kutafuna biskuti mbele ya mji mzima uliofunga, na akijifungia ndani anasikia kama mwizi.

Aliniuliza maswali kwa saa mbili. Kila jibu aliliandika, kisha akanisomea alichoandika. Aliponiuliza kuhusu majina nilianza kwa baba, nikaenda kwa babu, nikafika kwenye kisima. Aliweka kalamu chini akasikiliza.

"Kwetu pia," akasema, "mimi kwa babu yangu siitwi Hudson."

Halafu akauliza, "Mke wako ana kipato chochote, Mwalimu? Biashara, shamba?"

Nikasema hana. Akaandika. Nikatia sahihi.

Deni ni shilingi mia saba thelathini na nane. Alilisema kwa sauti ya chini, kama mganga. Faini hakutia. Ameandika kwamba kosa halikukusudiwa.

Nikasema, "Bwana Wanyama, nielewesheni kitu kimoja. Nimekatwa kodi Siyu. Nimekatwa kodi Kizingitini. Kila mahali wamekata haki yao. Deni limetoka wapi?"

Aliliandika swali langu, akafunga faili. Jioni nilimwalika futari, kwa kuwa sikuweza kumwacha mtu na njaa ya aina ile, ingawa ndiye amekuja kuchukua safari yangu. Alikuja na shati safi. Alikaa ukumbini akangoja adhana pamoja nasi, mikono magotini, asiguse kitu. Tulipochukua tende na yeye alichukua moja.

Alipomaliza ya kwanza akasema, "Mwalimu, nimepata jibu lako. Ukialikwa futari nyumba mbili, unafungua mara ngapi?"

"Mara moja."

"Nyumba ya pili je?"

"Ya pili nala tu. Nimekwisha kufungua."

"Basi. Serikali inasema kila mtu ana fungu lake la kwanza la mapato ambalo haliguswi, la kumlisha yeye na mkewe na watoto. Hiyo ndiyo nafuu. Fungu hilo ni la mtu, si la kazi. Kazi moja ikikupa, ya pili ikate tangu shilingi ya kwanza. Sasa shule ilikupa, na kampuni, kwa kuwa ilidhani wewe ni mtu mwingine, ikakupa tena. Umefungua mara mbili kwa saumu moja."

Nimefundisha miaka kumi na tisa, na sijawahi kueleza jambo vizuri namna ile, tena kwa tende.

Kutoka nyuma ya pazia sauti ya Rahima ikaja, ya adabu kabisa: "Muulize huyo Bwana, na mke akiwa na chake, hicho ni cha nani?"

Bwana Wanyama akageuka upande wa pazia, akajibu kwa heshima. "Kwa sheria ya kodi, Mama, kipato cha mke huhesabiwa pamoja na cha mume. Huandikwa kwenye fomu ya mume."

"Hata kama mume hakukichuma?"

"Hata hivyo, Mama."

Upande wa pili kijiko kikaanguka. Nilidhani ni paka wa Mwanamkisi.

Ijumaa, 15 Desemba, Siyu

Tumerudi. Wiki hii Bwana Kamaludin amenipa ruhusa ya mizani. Rahima ameshona kofia njia nzima. Mimi nahesabu: elfu tatu mia saba na ishirini, toa mia saba thelathini na nane. Mtu mmoja anaweza kwenda. Wa pili anapungukiwa kama mia saba. Nami siwezi kwenda peke yangu na kumwacha yeye, na yeye hawezi kwenda bila mimi. Basi kupungukiwa kwa mmoja ni kubaki kwa wawili.

Jumamosi, 16 Desemba

Baada ya sala ya alasiri Rahima aliniita chumbani. Akafunga mlango. Akatoa chini ya kitanda kopo la biskuti, lile kubwa lenye picha ya farasi, ambalo kwa miaka sita nimekuwa nikiamini lina vifungo na nyuzi. Nyuzi zilikuwepo, juu. Chini yake noti zimekunjwa kumi kumi, na sarafu zimefungwa kwenye vitambaa.

"Elfu moya mia nane na sitini," akasema. "Za kofia. Mwanamkisi huniuzia Amu."

Nilikaa kitandani. Miaka sita mke wangu anashona mbele ya macho yangu kila alasiri, na mimi sikuuliza hata mara moja kofia zote hizo zinavaliwa na vichwa gani. Nina kofia mbili tu.

"Kwa nini hukunambia?"

"Hukuuliza."

"Ningekuuliza nini?"

Akaketi kando yangu. "Sikiza, Baba Hadia. Wewe unipa kula, unipa kuvaa, na Hija ukasema utanipa. Nami nikasema alhamdulillahi. Lakini nalitaka hii moya iwe yangu. Nalitaka nisimame mbele ya Nyumba ya Mola nimwambie, nimekuya kwa sindano yangu. Nalikuwa nikungoje mpaka Mombasa, kwenye meza ya nauli, nilitoe kopo uone mwenyewe." Akalisukuma kopo upande wangu. "Sasa basi. Towa mia saba, ujazie. Twende kwa zako na zangu zilizochanganyika. Hija ni Hija."

Alisema kwa sauti nyepesi. Lakini mkono wake ulikuwa bado juu ya kopo.

Ningepaswa kumbusu mkono ule. Badala yake nilikumbuka sahihi yangu. Mke wako ana kipato chochote, Mwalimu? Hana. Tena katika Ramadhani.

"Umenitilisha sahihi ya uongo," nikamwambia.

"Nimekutilisha? Uliulizwa mimi nikiwa wapi? Kwa nini usiseme, ngoja nikamuulize mwenyewe?"

Hilo lilikuwa na haki mno hata likanikasirisha. Nikasema kipato cha mke ni lazima kitajwe. Akasema dini imempa mke mali yake, na mume hana kidole ndani yake, na kama serikali haijui, basi isome. Nikasema serikali haisomi, inaandika. Akasema ndiyo maana hakunambia, kwa kuwa alijua mimi nikiona kitu lazima nikiandike mahali, na kikishaandikwa kwa jina langu si chake tena.

Hilo la mwisho nimeliandika hapa, na hata kuliandika kunathibitisha maneno yake.

Jumapili, 17 Desemba

Nimenuna tangu jana, na kununa huku umefunga ni kazi ngumu. Kununa nimekuacha saa nne asubuhi. Ndege ya Bwana Wanyama inaondoka kiwanja cha Manda, ng'ambo ya Amu, kesho kabla ya adhuhuri. Nikimkosa, karatasi inakwenda Mombasa na sahihi yangu ya uongo, na cheti kitakachotoka kitakuwa cha uongo, na nitakwenda nacho mahali ambako mtu hendi na uongo.

Nimemwambia Rahima nakwenda Amu kuzitaja kofia. Alichukua karatasi akaniandikia bei zote. Akasema, "Taja. Lakini utaje kwamba ni zangu."

Mkono wa bahari wa Siyu umekauka. Tumekaa kwenye mashua juu ya matope tangu saa sita tukingoja maji yajae. Nimeandika haya hapo. Nahodha alisema mpaka saa tisa. Saa kumi sasa.

Jumatatu, 18 Desemba, Amu

Nimemkuta gatini, mguu mmoja umekwisha kuingia kwenye mashua ya Manda. Nilimwita jina lake mbele ya watu, jambo ambalo silipendi.

Alirudi. Nilimwambia yote, kopo, farasi, miaka sita. Alikaa juu ya sanduku lake, akatoa faili na mojawapo ya zile kalamu tatu. Akaniuliza mwaka jana mke ameuza kofia ngapi na kwa bei gani, nikamsomea kwenye kijikaratasi alichoniandikia Rahima kwa herufi za Kiarabu, safi, hakuna kilichosahauliwa, hata bei ya uzi. Uzi akautoa. Mashua ikapiga kelele kwamba ndege haitangoja. Akaendelea kuhesabu.

"Shilingi arobaini na sita zaidi," akasema. "Jumla mia saba themanini na nne."

"Andika kwamba kofia ni zake."

"Fomu haina mahali hapo, Mwalimu."

"Nimeahidi."

Aliifikiria fomu. Kisha pembeni, kwa mwandiko mdogo, akaandika kwa Kiingereza: mapato ya mke kwa kazi ya mikono yake mwenyewe. Akanionyesha kabla ya kufunga.

"Watu husafiri kuja kwangu wapunguziwe," akasema. "Wewe umekaa juu ya matope kutwa ili uongezewe. Cheti nitakishughulikia mimi mwenyewe. Lipa kabla ya katikati ya Januari."

Nilipomwona mara ya kwanza nilidhani amekuja kunizuia nisiende. Kijana yule nimemwombea dua leo kwa jina lake, Hudson, na najua siyo jina la dua zetu, lakini limefika.

Jumatatu, 1 Januari 1968

Idi. Kitabu kimekwisha kurasa, basi nimerudi mwanzo kabisa, kwenye Januari ambazo Bwana Kamaludin aliziacha tupu. Nafuta siku iliyochapwa, naandika ya sasa. Rahima amevaa leso mpya. Amenipa mkono wa Idi mara mbili, mara ya pili akasema huo ni wa Kizingitini.

Ijumaa, 12 Januari

Deni limelipwa kwa hawala ya Posta. Stakabadhi ninayo.

Jumatano, 17 Januari

Cheti hakijafika.

Jumamosi, 20 Januari

Kamba kilo tisini. Cheti hakijafika. Bwana Kamaludin amefungua barua zote, hakipo.

Jumapili, 21 Januari

Rahima amezihesabu mia saba na sitini na nne, ameziweka mezani kwenye kitambaa, ili zikamilishe nauli ya pili. Ndizo zinazopungua. Nimerudi asubuhi nikazikuta pale. Mimi napita, sizigusi, yeye anapita, haziangalii.

Alasiri nikakaa na karatasi. Nilikuwa nawaza kwamba fedha ni fedha, zikiingia mfuko mmoja zimekuwa moja. Halafu nikamkumbuka Wanyama na tende yake. Shilingi zile zile za mtu yule yule, na bado serikali nzima inajali zipi zimetoka kazi ipi, na nafuu imekaa juu ya zipi. Kama serikali inaweza kujali hivyo, mimi nashindwaje?

Nikaandika upya. Fedha ya mizani ilikuwa elfu tatu mia saba na ishirini. Kodi iliyotokana na fomu zangu, toa. Arobaini na sita za kofia, toa humo humo, maana ni mimi niliyesema hana. Nauli yangu, toa. Kinachobaki ni elfu moja na themanini na sita, cha kuwaachia watoto kwa Mwanamkisi, na zawadi. Hapo fedha ya mizani imekwisha kazi yake. Nauli ya Rahima haimo.

Nikalichukua lile furushi la mezani, nikalirudisha ndani ya kopo, nikaweka nyuzi juu. Nikamwita.

"Nauli yako silipi," nikamwambia.

Akanitazama.

"Sina. Zangu zimekwenda kwenye kodi na kwenye nauli yangu. Kama una njia yako, twende pamoja."

Hesabu ni ile ile, mtoto wa darasa la nne angeiona. Jumla haikuongezeka wala kupungua hata senti. Lakini Rahima alikaa chini palepale mlangoni, akajifunika uso kwa leso, akalia. Miaka kumi na sita ya ndoa, nimemwona akilia kwa uzazi na kwa msiba. Nilikaa karibu naye mpaka akamaliza.

Ijumaa, 26 Januari

Cheti. Kimeandikwa: Madi Amini, aitwaye pia Madi Barka, mtu mmoja. Hayo maneno mawili ya mwisho nadhani si ya kawaida. Nadhani ni ya kalamu ya tatu.

Alhamisi, 1 Februari, Mombasa

Ofisi ya meli, foleni tangu asubuhi. Nilipofika mezani nikatoa pasipoti, chanjo, cheti, na nauli. Karani akahesabu.

"Hii ni ya mmoja, mzee. Ya mke?"

"Muulize mwenyewe."

Rahima akasogea. Akaweka kopo la farasi juu ya meza, akatoa nyuzi, akaziweka kando kwa utaratibu, kisha noti kumi kumi, kisha vitambaa vya sarafu, kimoja kimoja. Watu wa nyuma walinung'unika. Hakuharakisha. Karani alihesabu mara mbili, akachukua kitabu cha stakabadhi akaanza kuandika jina langu.

"Si huyo," Rahima akasema. "Andika Rahima Jamaludin. Mimi ndiye niliyelipa."

Karani akaniangalia. Nami nikaangalia dari ya ofisi ya meli, ambayo ni dari nzuri. Akachana karatasi ile, akaandika nyingine. Rahima hakuikunja. Ameishika wazi mkononi kutoka ofisini mpaka hapa tulipofikia, na njiani, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe, nilitembea hatua moja nyuma yake ili nipate kuiona.

Meli ni keshokutwa. Sasa hivi amekaa dirishani, stakabadhi gotini. Ameniuliza kama yule mume wa Kizingitini tumemwacha nyumbani.

Nikasema tumemwacha.

"Maskini," akasema. "Nikifika nitamwombea. Yeye ndiye aliyetuletea haya yote."